Mtungi wa bakteria kwenye bomba la septiki, Manyatta Kisumu: utakula harufu na kunipa stima?

#1 FundiWaManyatta (Jumamosi, saa 3 usiku)

Hamjambo wana jukwaa. Naishi Manyatta hapa Kisumu, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili. Septiki, yaani tangi la maji taka ya vyoo, iko nyuma ya ukuta wa jikoni kwangu, na bomba lake la kupumulia limeishia usawa wa dirisha la jirani wa juu. Upepo wa alasiri ukianza kuvuma kutoka ziwani, harufu inashuka yote uani. Wageni wangu siku hizi wananiomba tukutane kwa kibanda cha chai.

Nimekuwa nikisoma juu ya betri za bakteria. Jinsi nilivyoelewa: bakteria wa matope ukiwanyima oksijeni, wakila uchafu wanabaki na elektroni (chembe za umeme) wasizojua pa kuzitupa. Ukiwawekea kaboni wanazitupia hapo, zinapita kwenye waya, zinafika kaboni ya pili iliyo kwenye hewa na kuungana na oksijeni kuwa maji. Watu wanalisha betri hizo kwa maji taka. Mimi nikajiuliza, na gesi je? Haidrojeni salfaidi, ile ya mayai viza, si nayo ni chakula chao?

Basi leo nimechukua mtungi wa lita 20, nikatia matope meusi ya mtaro, vumbi la makaa na maji. Chini nimekunja waya wa fensi, juu nimepanga vijiti vya kaboni nilivyotoa kwenye betri kuukuu za redio. Bomba la septiki linaingilia chini, gesi inatoa mapovu ndani ya maji, inatokea juu. Nimefunga saa kumi jioni. Saa kumi na moja mita ikasoma volti 0.92. Saa moja tu!

Swali: nikiunganisha mitungi sita nitachaji simu?

#2 OmeraStima

Omera (ndugu yangu), ukifaulu niambie mapema nirudishe cheti changu cha ufundi. Miaka kumi na nne nimepanda nguzo, kumbe stima ilikuwa chooni.

#3 MwalimuKemia

Fundi, hongera kwa kuthubutu, lakini hiyo 0.92 si ya bakteria. Ni ya fensi.

Waya wa fensi umepakwa zinki. Zinki upande huu, kaboni na hewa upande ule, maji machafu katikati: umeunda upya betri ya tochi. Zinki inaliwa, stima inatoka, na siku zinki itakapoisha mita yako italala. Bakteria hawahamii nyumba kwa saa moja. Wanahitaji siku kadhaa, mara nyingi wiki moja au mbili, kujenga utando wao juu ya kaboni. Ukiona stima saa ya kwanza, shuku chuma.

Toa waya huo. Weka vijiti vya kaboni chini na juu. Kabla ya hapo vikwangue na kuvichemsha, kwa sababu ule unga mweusi wa betri kuukuu ni manganizi dayoksaidi na una volti zake za uongo. Kisha ngoja. Seli nzuri ya namna hii, bila mzigo (haijaunganishwa na kitu cha kutumia stima), husoma volti 0.5 hadi 0.8, na ukiibebesha kazi inashuka. Hata kwenye hesabu za karatasi haipiti 1.1 hivi.

#4 OmeraStima

Kwa hivyo ni mchezo wa intaneti, tufunge uzi?

#5 MwalimuKemia

Usifunge. Potter wa Durham, Uingereza, alionyesha mwaka 1911 kwamba hamira na bakteria wakivunja chakula huacha mkondo wa umeme. Mwaka 1987 Derek Lovley na wenzake wakapata kwenye matope ya mto Potomac, Marekani, bakteria wa jamii ya Geobacter, ambao hupumua chuma kama sisi tunavyopumua oksijeni. Na si mbali na hapa: Kisoro, Uganda, shule moja ya wasichana iliwekewa mwaka 2017 choo ambacho mkojo wa wanafunzi ndio unaowasha taa zake usiku. Kazi ya timu ya Ioannis Ieropoulos kutoka Bristol. Ni taa lakini, si pasi ya nguo.

#6 FundiWaManyatta (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Wakubwa, nina kesi.

Waya wa fensi nimeutoa, vijiti nimebadilisha. Mita ikaanguka hadi karibu sifuri, kama Mwalimu alivyosema. Sawa, hilo nimekubali. Lakini tangu Jumapili wapangaji watatu wamepanda kwa mama mwenye ploti kulalamika kwamba vyoo ndani ya nyumba vinanuka, na kabla ya mtungi wangu havikuwa vikinuka. Uani sasa kuko safi kabisa. Harufu imeingia vyumbani! Mama amenipa hadi jioni niondoe alichokiita "uchawi wa mtungi".

#7 OmeraStima

Hahaha. Umesafisha hewa ya nje kwa kuipeleka ndani. Na hapa naongea kama fundi, sicheki tena: bomba lako limezama maji kiasi gani ndani ya mtungi?

#8 FundiWaManyatta

Sentimita kumi hivi.

#9 OmeraStima

Basi hapo ndipo penye kesi. Ule mkunjo wa bomba chini ya choo na sinki unashika maji ya kama sentimita tano, ndiyo kizuizi cha gesi. Wewe umeiambia gesi ya septiki ichague: isukume maji ya sentimita kumi kwenye mtungi wako, au sentimita tano kwa choo cha mpangaji. Gesi si mjinga.

Ondoa mtungi leo hii. Septiki isiyopumua ni hatari.

#10 MwalimuKemia

Naunga mkono kwa herufi kubwa: ONDOA LEO.

Na kwa wote wanaosoma wakitaka kuiga. Gesi ya septiki ina methani, inayolipuka, kwa hivyo hakuna sigara wala kiberiti hapo. Haidrojeni salfaidi nayo ni nzito kuliko hewa, inalala kwenye mashimo. Pua inaisikia ikiwa kidogo mno, chini ya sehemu moja katika milioni. Ikifika kama sehemu 100 katika milioni pua inakufa ganzi, unadhani imeondoka. Ikipita 500 mtu anaanguka. Ndiyo maana unasikia mmoja ameingia shimoni, wa pili akaingia kumwokoa, na wa tatu. Asiingize mtu kichwa kwenye tangi kuangalia "kama inafanya kazi".

#11 MamaMgongoWazi

Vijana, shikamooni kwa masomo, ingawa wengi wenu ni wanangu. Mimi nakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki viwandani, Obunga hapa Kisumu. Kuanzia asubuhi niko kwenye moshi, macho yamekuwa mekundu kama ya mlevi na mimi hata pombe sinywi. Huo mtungi hauwezi kula moshi wa kuni?

#12 MwalimuKemia

Shikamoo mama. La, hautaweza, na sitaki mtu akuuzie. Bakteria wanakula kile kinachoyeyuka kwenye maji kikawafikia. Moshi wa kuni unaouma kifua ni vumbi laini mno la masizi, halina ladha kwao; litaziba tu mtungi. Kwako dawa ni kuni zilizokauka vizuri, jiko lililojengewa bomba la kutoa moshi juu ya paa, na kukaa upande upepo unakotoka. Najua bomba lina gharama. Wenzako watatu mkichanga linawezekana.

#13 MamaMgongoWazi

Asante mwalimu. Watatu tunafika, shida ni wa nne anayetaka kutumia bila kuchanga.

#14 NguruweBahati

Salamu kutoka Bahati, Nakuru. Mimi nina nguruwe na tangi la bayogesi. Gesi ya mayai viza naijua kuliko ninyi wote. Ilinilia vichomeo viwili vya jiko kabla sijajifunza. Dawa yangu: bomba pana limejazwa unyoya wa chuma, ule wa kusugulia sufuria, ulioshika kutu. Gesi ikipita, kutu inashika salfa na kuwa nyeusi. Ikijaa nafungua, naianika hewani irudi wekundu, polepole maana inapata moto, kisha naitumia tena. Hakuna bakteria, hakuna mita. Fundi, kwa nini unajisumbua?

Na kipimo cha bure: kata kipande cha waya wa shaba, kikwangue king'ae, kitundike mahali. Kikigeuka cheusi kwa siku chache, gesi ipo.

Halafu Mwalimu, kaunti yetu ina stima ya mvuke wa ardhini. Kituo cha Olkaria kilianza 1981, na hapa Menengai kituo cha megawati 35 kimeanza 2023. Mvuke ule pia una gesi hii. Haiwezekani kuwekwa hizo betri huko?

#15 MwalimuKemia

Kutu ni dawa safi kwa bayogesi, sina ubishi. Ubaya wake ni kwamba inajaa na lazima mtu aishughulikie. Bakteria wakitunzwa hawajai, wanazaana.

Na hilo la kuwatumia kusafisha gesi, bila waya wowote, ni kazi ya zamani. Richard Pomeroy wa California alipata hataza mwaka 1957 ya kupitisha hewa ya maji taka chini ya kitanda cha udongo, udongo ukala harufu. Uholanzi tangu miaka ya 1990 kuna mitambo mikubwa inayoosha bayogesi kwa maji yenye magadi na kuwaachia bakteria wageuze salfaidi kuwa salfa ya unga. Nyongeza ya betri ndiyo ngeni, na bado iko zaidi kwenye maabara.

Kwa mvuke wa ardhini, kiasi ni kikubwa mno na kimechanganyika na kaboni dayoksaidi nyingi. Aisilandi, pale Hellisheiði, wanayeyusha gesi zote mbili kwenye maji na kuzirudisha kwenye miamba ya basalti (mawe ya volkano), zinageuka mawe. Huko ndiko ningeangalia, si kwenye mitungi.

#16 RangiNaThina

Mimi napaka magari rangi Kondele. Thina imenila kichwa. Bakteria hawali thina?

#17 MwalimuKemia

Wapo wanaokula. Toluini, iliyo ndani ya thina nyingi, inaliwa na bakteria kadhaa, na mmoja wa hao Geobacter anaila hata pasipo oksijeni. Hilo limejulikana tangu 1989. Lakini hewa ya gereji yako ina oksijeni asilimia 21. Bakteria akiwa na oksijeni mkononi hatahangaika kupeleka elektroni kwenye kaboni yako. Atakula thina, stima hupati. Kitanda cha mboji yenye unyevu kinaweza kukusaidia kama utaifungia hewa chumbani na kuipitisha humo. Ukipaka chini ya mwembe hakuna kitu cha kupitisha. Vaa barakoa yenye kichujio cha makaa, si kitambaa.

Hapo ndipo septiki ya Fundi inapovutia: gesi yake inatoka ikiwa na oksijeni kidogo.

#18 OmeraStima

Nimekaa na kalamu jana usiku stima ikiwa imepotea, nikapiga hesabu. Mwalimu nisahihishe.

Kila molekuli ya hii gesi ikigeuka salfa inatoa elektroni mbili. Gramu moja ya gesi basi ni kama ampea-saa 1.6. Kwa volti 0.3 hiyo ni nusu wati-saa, kama hakuna elektroni hata moja inayopotea. Betri ya simu ni kama wati-saa 15. Kuichaji unahitaji gramu 32 za gesi.

Hewa yenye sehemu 10 katika milioni, ambayo inanuka vibaya sana, ina miligramu 14 kwa mita moja ya ujazo. Gramu 32 ni mita za ujazo elfu mbili na mia tatu. Sasa nani atazisukuma? Chukua kifeni cha wati 5 kinachosukuma mita za ujazo 50 kwa saa: kitazunguka saa 46 na kula wati-saa 230. Unatumia 230 kupata 15.

Nimemaliza. Feni inakula zaidi ya bakteria wanavyozaa.

#19 MwalimuKemia

Hesabu ni safi, na ni kali kuliko ulivyosema, maana elektroni nyingi hupotea njiani, na salfa yenyewe hujipaka juu ya kaboni na kuiziba. Kwa hivyo anayeuza hii kama njia ya kupata stima kutoka kwa hewa chafu anauza maneno.

Lakini angalia upande mwingine wa shilingi. Kwanza, bomba la septiki linapumua lenyewe, halihitaji feni, mradi usilizuie kwa maji. Pili, kaboni inasimama mahali pa oksijeni: chini kwenye unyevu, hewa isipofika, bakteria bado wana pa kutupia elektroni, kwa hivyo wanaendelea kula. Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, ule mkondo mdogo ni habari. Kichujio cha mboji kikifa hakipigi kelele. Kikiwa na waya, mita inakuambia bakteria wanakula au wamelala.

Fundi, ukitaka kujaribu tena, acha mtungi. Tumia pipa pana, jaza vitu vikubwa vikubwa vyenye nafasi ya hewa, unyevu tu, si maji. Kwa muda wote acha bomba la dharura wazi.

#20 FundiWaManyatta (wiki saba baadaye)

Nimerudi. Samahani kwa ukimya, ilibidi nimbembeleze mama mwenye ploti kwanza. Alikubali kwa sharti kwamba mpangaji mmoja akinuna, pipa linakwenda jalalani.

Nimepata pipa la lita 200, nikalijaza vipande vya makaa vya ukubwa wa ngumi, mboji, na makapi ya miwa kutoka kwa kijana wa juisi pale Kibuye. Nikanyunyiza chokaa ya Koru, kwa sababu Mwalimu aliniambia faraghani kwamba bakteria hawa wakila salfaidi mpaka mwisho wanaacha asidi ya salfuri, ileile inayokula zege za mabomba ya maji taka. Vijiti vya kaboni 24 chini kwenye tabaka lenye unyevu mwingi, 24 juu karibu na hewa, vyote vimekwanguliwa na kuchemshwa. Mke wangu bado anaitafuta sufuria.

Siku ya kwanza: sifuri. Siku ya tano: 0.06. Siku ya kumi na mbili: 0.41 bila mzigo. Nikafunga resista (kizuizi cha umeme) ya omu 1,000 iwe mzigo, nikaiacha hapo, ikatulia kwenye 0.21. Kwa hesabu ya OmeraStima hiyo ni mikrowati 44, yaani sehemu 44 katika milioni za wati moja. Chaja ya wati 5 ingehitaji mapipa laki moja na kumi na tatu elfu. Manyatta hatuna nafasi hiyo.

Harufu sasa. Kabla ya pipa, shaba ya NguruweBahati juu ya bomba iligeuka nyeusi kwa siku tatu. Baada ya pipa, shaba mpya ilikaa wiki mbili ikiwa bado na wekundu. Vyooni hakuna harufu, wapangaji wote wameulizwa mmoja mmoja.

Halafu, kwa kuwa Mwalimu atauliza: ndiyo, nilikata waya kwa wiki moja kuona tofauti. Shaba haikuona tofauti. Mboji na makaa vinafanya kazi hiyo vyenyewe, kama yule Pomeroy. Iliniuma kidogo.

Ila wiki ya tano kulikuwa na joto lile la Kisumu mnalolijua. Jumatatu mita ilisoma 0.19, Jumanne 0.08, Jumatano 0.03. Harufu hakuna, shaba safi, nikadhani waya umelegea. Nikatia mkono ndani, juu kumekauka kama pumba. Nilikuwa na safari ya Siaya kwa mazishi, nikaenda bila kumwagilia. Ijumaa mama mwenye ploti akanipigia simu kwamba harufu imerudi. Mita iliniambia siku mbili au tatu kabla ya pua yake.

#21 OmeraStima

Hapo umenishika. Hiyo si jenereta, ni mlinzi. Ukinipa pipa kwa Jumapili moja nitakufungia kisaketi cha betri mbili ndogo, ikishuka chini ya 0.1 kinalia. King'ora kinachotumia betri za duka kulinda betri ya choo, lakini ndiyo ufundi. Nitakifunga kwenye kibao mbali na bomba, kisirushe cheche karibu na ile methani.

#22 NguruweBahati

Na mimi nitaweka kijiti kwenye bomba langu la kutu nione.

#23 MwalimuKemia

Kutu haina bakteria, ndugu yangu, utasoma chuma.

#24 MamaMgongoWazi

Fundi, huyo mama mwenye ploti yako ni shemeji ya jirani yangu. Anasema analitaka la pili kwa ploti yake ya Nyalenda, na anauliza bei. Mimi nimemwambia akulipe kwanza sufuria. Bomba letu la moshi limefika nusu, wa nne amechanga.

#25 FundiWaManyatta

Mama, mwambie bei ni makaa gunia moja na mtu wa kumwagilia nikisafiri. Leo asubuhi imesoma 0.18. Nimebeba ndoo.